GARI LA MAZIWA LA DIVCO: CHOMBO KILICHOPIMWA KWA KAZI YAKE



Ununuzi wa gari ni miongoni mwa mambo yanayozisumbua sana Halmashauri za vyama vyetu. Gari hula fedha za wanachama siku linaponunuliwa, na huendelea kuzila kila siku linapotembea. Kwa hiyo yafaa makatibu na wanachama waijue habari ya gari moja la Marekani, liitwalo Divco, ambalo mtindo wake mmoja uliundwa kwa karibu miaka 50 bila kubadilika sana kwa umbo.

Farasi na mgawa maziwa

Mwanzoni mwa karne ya 20 wakazi wengi wa miji ya Marekani walipelekewa maziwa milangoni alfajiri, katika chupa za kioo. Mgawa maziwa alitumia gari la kukokotwa na farasi. Farasi huyo alikuwa na sifa ambayo motokaa haikuwa nayo: akiisha kuizoea njia, alijisogeza mwenyewe hadi nyumba ya mbele, huku bwana wake akipita na chupa mlango kwa mlango. Lori la kawaida halikuyaweza hayo. Penye kila nyumba dereva alilazimika kuketi, kukanyaga klachi, kutia gea, kwenda hatua chache, kufunga breki, kuteremka, kisha kuanza upya. Lori lilikuwa na nguvu kuliko farasi, lakini lilimchosha mtu.

Mhandisi aliyeitazama kazi kwanza

Mtu aliyelishughulikia tatizo hilo ni George Bacon, mhandisi mkuu wa Detroit Electric, kampuni iliyokuwa ikiunda magari ya umeme mjini Detroit. Mapema katika miaka ya 1920 alibuni gari la majaribio lililoweza kuendeshwa kutoka mahali panne: mbele, nyuma, na juu ya vibao vya kukanyagia vya pande zote mbili. Dereva aliliendesha popote aliposimama, akashuka upande uliokuwa karibu na nyumba. Mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya kutengeneza magari ya namna hiyo kwa injini ya petroli. Iliitwa Detroit Industrial Vehicle Company, na jina Divco ni kifupi chake.

Mtindo uliojulikana kuliko yote, yaani Model U, ulitolewa mwaka 1937. Ulikuwa na pua fupi ya mviringo na bodi ya chuma iliyolehemiwa. Sakafu yake ilishushwa chini ili mtu apite toka upande hata upande bila kupanda wala kuruka. Dereva aliweza kuendesha akiwa amesimama: gea na mafuta aliviongoza kwa mkono karibu na usukani, na kanyagio moja lilifanya kazi mbili. Akilikanyaga kidogo, klachi iliachia. Akilikanyaga hadi mwisho, breki ilishika. Baadaye yaliundwa pia magari yenye kuta za kuzuia joto na mitambo ya ubaridi.

Tazameni kwamba hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichowekwa kwa ajili ya fahari. Kila kimoja kilipunguza hatua za mtu aliyebeba chupa.

Kazi ilipotoweka

Hata hivyo, chombo kizuri hakiwezi kuirudisha kazi iliyokwisha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, uhaba wa mipira na petroli uliwafanya wagawaji wapeleke maziwa siku moja na kuacha siku moja. Baada ya vita, majokofu yalienea majumbani, familia nyingi zikapata motokaa, na maduka makubwa yakauza maziwa pamoja na mahitaji mengine yote. Mwaka 1963 karibu asilimia 30 ya wanunuzi wa maziwa nchini Marekani walikuwa bado wakipelekewa nyumbani. Kufikia mwaka 1975 hawakutimia asilimia 7. Divco iliendelea kwa uchache hadi mwaka 1986, ilipokoma kuunda magari katika mji wa Delaware, jimbo la Ohio. Yaliyosalia hutunzwa na wapenzi wa magari ya zamani.

Fundisho kwa vyama

Habari hii ina pande mbili, na chama kinachosahau upande mmoja hupata hasara. Kwanza, gari hupimwa kwa kazi yake, si kwa sura yake. Kabla ya kuidhinisha ununuzi, Halmashauri na ijiulize: Gari litasimama mara ngapi kwa safari moja? Mzigo utapakiwa na kuteremshwa na nani, na kwa kimo gani? Njia ikoje wakati wa masika? Fundi na vipuri viko wapi? Aulizwe pia dereva, na mpakiaji asiachwe, kwani hao ndio waijuao kazi kwa mikono na miguu yao.

Pili, kazi yenyewe ichunguzwe. Je, wateja hawa watakuwapo kabla deni la gari halijamalizika? Gari la Divco halikuharibika. Wateja ndio walioacha kungoja mlangoni. Katibu anayeweka daftari la safari, mizigo na gharama za kila mwezi atayaona mabadiliko hayo mapema, naye ataweza kuwaeleza wanachama kwa hesabu kabla fedha zao hazijapotea.