Je, Wajua? Yanayonaswa na Yasiyonaswa Kwenye Skrinishoti

Kitufe cha PrtSc, kile kilichojibanza juu upande wa kulia wa kibodi, kilianza maisha yake kikiitumikia printa. Kwenye kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981, ukikibonyeza pamoja na Shift, maandishi yote ya skrini yalikwenda moja kwa moja kwenye karatasi. Hapakuwa na faili wala picha. Ni Windows iliyokipa kazi mpya ya kunakili skrini kwenye kumbukumbu ya muda, nakala ikisubiri kubandikwa kwenye Paint au Word. Watumiaji wa Macintosh walikuwa na raha zaidi: tangu 1984, Command, Shift na 3 kwa pamoja huhifadhi faili ya picha, na vitufe hivyo havijabadilika hadi leo.

Je, wajua kwamba kuna waliotumia kamera kweli? Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya michezo ya Activision iliwazawadia viraka vya kushona kwenye nguo wachezaji hodari. Ushahidi ulikuwa picha ya runinga, iliyopigwa kwa kamera na kutumwa kwa posta. Kwa mchezo wa Pitfall! ulihitaji alama 20,000. Haikuwa kazi rahisi. Skrini za wakati ule zilichora picha mstari kwa mstari, hivyo kamera iliyofunga upesi mno ilitoa picha yenye utepe mweusi katikati.

Skrinishoti ya leo haipigi picha ya kioo. Inanakili kumbukumbu ambamo kompyuta imechora madirisha yako, na ndipo vituko vinapoanza. Mshale wa kipanya, kwa mfano, mara nyingi haumo, kwa sababu kadi ya michoro huuweka juu ya picha dakika ya mwisho kabisa. Programu ikikupa picha yenye mshale, imeuongeza yenyewe. Hata ile rangi ya machungwa inayopumzisha macho usiku kwa kawaida haitokei.

Kituko kilichonifurahisha kuliko vyote ni cha enzi za Windows XP. Programu ya video ilijaza dirisha lake rangi moja tu, na kadi ya michoro ikaweka filamu palipo na rangi hiyo. Ukipiga skrinishoti, ulinasa ile rangi tupu. Lakini ukiibandika kwenye Paint huku video ikiendelea, filamu ilianza kucheza ndani ya picha yako! Kadi iliona rangi yake mahali pale pale, ikafanya kazi iliyotumwa.

Siku hizi filamu za kulipia mara nyingi hutoka nyeusi, safari hii kwa makusudi: mfumo wa kompyuta hukataa kuzinakili. Na ulinzi huo umepata kazi nyingine. Mei 2024, Microsoft ilitangaza Recall, huduma ya kujipigia skrinishoti kila baada ya sekunde chache ili baadaye uweze kutafuta ulichokiona. Kelele za wanaojali faragha zikawa nyingi, ikacheleweshwa. Mei 2025, programu ya mazungumzo ya Signal ikaamua kutumia kwenye Windows 11 kizuizi kile kile cha filamu, hivyo Recall ikitazama mazungumzo ya watu inaona giza tu. Ujanja uliobuniwa kulinda mali ya wenye studio ukaishia kulinda siri za mtumiaji wa kawaida; mimi nauona ni uungwana wa aina yake.

Tukija kwenye kukata na kuweka alama, hapo ndipo penye hatari. Machi 2023, watafiti Simon Aarons na David Buchanan walifichua kwamba kifaa cha kuhariri picha kwenye simu za Pixel kilikuwa kikiacha mabaki. Ukikata picha, faili fupi iliandikwa juu ya faili ndefu bila kuufuta mkia wake, kama mtu anayerekodi wimbo mfupi juu ya taarabu ndefu kwenye kaseti. Aliyejua pa kutafuta aliweza kurejesha sehemu ya kilichokatwa, hata kama ni namba ya kadi ya benki. Siku chache baadaye kasoro hiyo hiyo ikaonekana kwenye Snipping Tool ya Windows 11, pale mtu alipohifadhi picha iliyokatwa juu ya ile ya awali. Zote mbili zilirekebishwa, ila picha zilizokwisha kusambaa hazina wa kuzirekebisha.

Kalamu ya kuangazia nayo haifai kufichia. Wino wake hupitisha mwanga, hivyo hata ukipaka mara nne, mtu akiongeza mwangaza wa picha anaweza kusoma namba chini yake. Kuzifanya herufi ziwe vigae vigae pia hakutoshi, maana zipo programu, Depix mojawapo, zinazokisia maandishi yaliyokuwepo. Tumia kisanduku cheusi kisichopitisha kitu, kisha hifadhi nakala mpya.

Na yale maandishi yanayofifia kingo ukituma skrinishoti kwa WhatsApp? Kompyuta kwa kawaida huihifadhi kama PNG, isiyopoteza hata nukta. Ikitumwa kama picha, hubanwa kuwa JPEG, mbinu iliyotengenezwa kwa ajili ya nyuso na mandhari, na herufi nyembamba ndizo huumia kwanza. Itume kama dokumenti. Itafika kama ilivyo.