"Limetumwa" Si "Limepokelewa": Kufuatilia Safari ya Jibu la Maabara Mtandaoni

Mama mmoja mkazi wa Sapiwi, wilayani Bariadi, alifika kliniki mara tatu kufuatilia jibu moja. Mtoto wake alikuwa amechukuliwa damu kisiginoni akiwa na umri wa wiki 6, ikakaushwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara ya rufaa ili ijulikane kama ana maambukizi ya VVU. Mara zote tatu mama aliambiwa kuwa mtandao unasumbua. Huko maabara, kwa muda wa wiki 5, skrini ya kompyuta ilionyesha kuwa jibu hilo "limetumwa". Hakuna aliyesema uongo. Muuguzi alieleza alichokiona, na mtaalamu wa maabara naye alieleza alichokiona.

Wasomaji walio katika kada za afya wanafahamu uzito wa wiki 5 hizo. Watoto wanaoambukizwa VVU na mama zao, wasipopata tiba, takriban theluthi moja hufariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na karibu nusu kabla ya kutimiza miaka miwili. Jibu lisilofika halina tofauti na kipimo kisichofanyika.

Mimi ni daktari wa watoto, si mhandisi wa kompyuta. Niliingia katika jambo hili kwa hasira, nikaomba kuketi na vijana waliokuwa wakiitunza programu ya kutuma majibu, ambayo sitaitaja. Nikawauliza: mara ya mwisho jibu la mtoto huyu lilionekana wapi? Hawakuweza kujibu, wala kosa halikuwa la uvivu. Programu yenyewe haikuwa imeandika popote ilichokifanya. Ni sawa na kumkabidhi mgonjwa kwa zamu ya usiku, kisha asubuhi ukute faili lake halina hata mstari mmoja.

Ili kuelewa kilichokosekana, yafaa kujua kwamba kile tunachokiita kwa jumla "mtandao" ni hatua kadhaa zinazofuatana, na kila moja huweza kushindwa kwa namna yake. Kwanza, programu huulizia jina la seva ili ipate anwani yake ya namba. Pili, hupeana salamu na seva hiyo kwa itifaki ya TCP, ambayo maelezo yake rasmi yalitolewa mwaka 1981 na ambayo hadi leo hubeba sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti: upande mmoja hubisha hodi, wa pili huitikia, wa kwanza huthibitisha kuwa umesikia mwitikio. Tatu, pande mbili hukubaliana namna ya kuficha maneno yao kwa siri, na programu hukagua cheti cha seva. Hapa ndipo kompyuta ambayo betri yake ya saa imekufa hukwama, kwa kuwa ikiwashwa na kudhani ni mwaka wa zamani, hukiona cheti halali kuwa bado hakijaanza kutumika. Mtumiaji huona maneno "hakuna muunganisho", akaenda kununua bando, kumbe tiba ilikuwa kurekebisha tarehe. Nne, ujumbe hutumwa. Tano, seva hujibu kuwa imeupokea na kuuhifadhi.

Wahandisi huongeza ndani ya programu mistari ambayo kazi yake ni moja tu, kuandika kila hatua inapoanza, inapokwisha, na matokeo yake. Huo ndio ufuatiliaji wa kusaka hitilafu. Mkunga ataufahamu mara moja, kwa kuwa patogramu hufanya kazi hiyohiyo. Haimzalishi mama, lakini huonyesha saa ambayo uchungu ulikoma kuendelea. Vijana wale walifanya kazi hiyo kwa siku mbili. Baada ya hapo kumbukumbu za programu zilianza kusomeka hivi:

11:02:07 – muunganisho 417 – anwani imepatikana
11:02:08 – muunganisho 417 – salamu zimekamilika
11:40:31 – muunganisho 417 – ujumbe umekabidhiwa kwa mfumo wa kompyuta
11:56:02 – muunganisho 417 – kosa: muda wa kusubiri umekwisha

Mistari hii minne ilimaliza ubishi wa miezi kadhaa. Tazama nafasi iliyopo kati ya mstari wa pili na wa tatu, ambapo zaidi ya nusu saa ilipita bila neno lolote kupita. Maabara ilikuwa ikitumia modemu ya simu, na mitambo iliyoko kati ya simu zetu na intaneti husahau miunganisho iliyokaa kimya, bila kuwaarifu wahusika. Programu ilidhani bado ina njia, kumbe njia ilikwisha kufungwa. Halafu tazama mstari wa tatu. Programu inapotuma ujumbe huukabidhi kwa mfumo endeshi wa kompyuta ileile, na mfumo huo hujibu "nimepokea" maana yake umeuweka katika hifadhi yake ya muda. Ujumbe haujatoka hata chumbani. Ni kwa jibu hilo programu ilikuwa ikiandika kwenye skrini "limetumwa".

Mfumo endeshi haukukata tamaa upesi. Wa Linux, usipobadilishwa mipangilio, hurudia kutuma tena na tena kwa vipindi vinavyorefuka, na hukiri kushindwa baada ya takriban dakika 15. Ndizo dakika zinazotenganisha mstari wa tatu na wa nne. Kosa lilirudishwa kwa programu kila mara, lakini programu ilikwisha kuweka alama ya "limetumwa" na haikuwa ikisikiliza tena. Kasoro hiyo ilikuwepo tangu mwanzo. Ufuatiliaji ndio ulioipa saa na namba.

Namba ile 417 si pambo. Maabara yenye kazi nyingi hufungua miunganisho mingi kwa wakati mmoja, na mistari yake huchanganyika kama mazungumzo ya sokoni. Bila namba ya utambulisho katika kila mstari, huwezi kujua salamu hizi ni za nani na kosa lile ni la nani. Vivyo hivyo kwa saa. Siku ya kwanza tulipoteza asubuhi nzima kwa sababu seva iliandika muda kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa 3, naye mtaalamu wa maabara alikuwa ameandika katika daftari lake "saa nane na dakika arobaini" kwa hesabu ya Kiswahili. Saa 11:40 ya seva, 14:40 ya ukutani na saa nane na dakika arobaini mchana ni wakati uleule mmoja. Tulikuwa tukitafuta matukio matatu.

Niseme pia kwamba ufuatiliaji una madhara yake, kama dawa. Kuandika huchukua muda, na kuna hitilafu zinazotegemea mwendo wa programu ambazo hutoweka pindi ufuatiliaji unapowashwa. Daktari aliyewahi kuona shinikizo la damu likipanda kwa kuonekana koti jeupe hatashangaa. Kumbukumbu zisizowekewa kikomo zitajaza diski ya kompyuta ndogo ya kituo hadi programu yenyewe isimame. Kwa hiyo huwekwa kwa viwango: siku za kawaida huandikwa makosa tu, na siku ya uchunguzi huandikwa kila hatua.

Lakini dhara kubwa kuliko yote ni la siri ya mgonjwa. Njia rahisi ya kufuatilia ujumbe ni kuuandika wote kama ulivyo, na hapo jina la mtoto, kijiji chake na hali yake ya VVU huingia katika faili la maandishi ambalo fundi yeyote hulifungua. Makampuni makubwa yamewahi kuteleza hapo. Mwezi Mei mwaka 2018 Twitter iliwataka watumiaji wake wote, zaidi ya milioni 300, wafikirie kubadilisha nywila, baada ya kugundua kuwa nywila zilikuwa zikiandikwa wazi katika kumbukumbu za ndani. Nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Rasimu ya kwanza ya vijana wale iliandika majina. Nilikataa, na walibadilisha: sasa huandikwa namba ya sampuli isiyo na maana nje ya maabara, ukubwa wa ujumbe, na matokeo ya hatua. Hayo yanatosha kabisa kupata hitilafu ya muunganisho.

Kutunza nyayo za kila ujumbe si jambo geni katika mifumo ya afya ya ukanda huu. OpenHIM, programu huria iliyoanzia katika kazi ya kuunganisha mifumo ya afya nchini Rwanda, hukaa katikati ya mifumo, huandika kila ombi na jibu lake, na huwezesha kutuma upya lililoshindwa. Tahadhari inahitajika katika kutuma upya. Huenda ujumbe ulifika na ni jibu la seva lililopotea njiani, hivyo ukirudiwa bila namba ya kuutambua, mgonjwa mmoja atapata majibu mawili.

Je, kuna siku ambayo "mtandao umekatika" huwa utambuzi sahihi? Ipo. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na watumiaji wengi nchini wakakosa intaneti. Hata siku kama hiyo, kumbukumbu zinazoonyesha hatua huweza kumweleza fundi kama seva iliyoko ndani ya nchi haifikiki kweli, au kilichokwama ni kuulizia jina lake tu.

Kwa muuguzi aliyeko kituoni, ninachoomba ni kidogo: mfumo ukigoma, andika katika daftari saa, ukitaja kama ni ya Kiswahili au ya simu, maneno kamili yaliyotokea kwenye skrini, na namba ya sampuli. Kwa taarifa hizo tatu fundi atapata mstari wake ndani ya dakika chache. Kwako mzazi, ukiambiwa mtandao unasumbua, una haki ya kuuliza jibu la mwanao limeishia hatua gani, na kuomba maabara ipigiwe simu siku hiyohiyo.

Jibu la mtoto wa Sapiwi hatimaye lilipatikana kwa njia hiyo ya simu, kisha nakala ya karatasi ikaletwa na gari la sampuli. Alikuwa na maambukizi, akaanzishiwa dawa siku hiyo. Programu ile sasa ina alama tatu badala ya moja: "lipo foleni", "limekabidhiwa", na "limepokelewa", na ya tatu haiwaki mpaka seva ijibu. Ile ya pili ikikaa zaidi ya saa moja, hugeuka nyekundu, na mtaalamu wa maabara huinua simu.