Kuchagua Pikipiki Iliyokwisha Tumika

Leo tutajifunza jinsi ya kuchagua pikipiki iliyokwisha tumika. Somo hili ni la mtu anayetaka kuanza kuendesha, na ambaye fedha zake si nyingi. Mwalimu wa kikundi aandike maneno haya ubaoni: fremu, injini, kadi, mnyororo, breki. Kila mmoja ayanakili daftarini mwake. Tutayatumia yote.

Kwa watu wengi wa vijijini hapa Tanzania, fedha za pikipiki ni mavuno ya misimu miwili au mitatu, au ni ng'ombe waliouzwa. Zikipotea, hazirudi upesi. Tena chombo hiki hubeba roho za watu. Anayenunua pikipiki mbovu aweza kupoteza mali yake, na aweza kupoteza maisha yake. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, usinunue kwa haraka, wala usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

PIKIPIKI INAYOMFAA ANAYEANZA

Swali la kwanza si bei. Swali la kwanza ni hili: pikipiki hii yaniweza, nami naiweza? Keti juu yake. Nyayo zako zote mbili zikanyage ardhi. Kisha shuka, uisukume hatua ishirini, uigeuze, uisimamishe kwa stendi yake ya katikati. Ikiwa imekushinda ingali imezimwa, usitumaini kuitawala katika matope, tena na mtu au gunia nyuma yako.

Ukubwa wa injini huandikwa kwa herufi cc. Kwa anayeanza, injini ya cc 100 mpaka 125 yatosha. Usidharau injini ndogo. Mwaka 1958 kampuni ya Honda ya Japani ilianza kuuza pikipiki iitwayo Super Cub, yenye injini isiyozidi cc 50. Kufikia mwaka 2017 pikipiki za namna hiyo zilizotengenezwa zilikuwa zimepita milioni 100. Injini ndogo hula petroli kidogo, na haimrushi mwanafunzi asiyezoea.

Chagua pia aina ambayo fundi wa karibu nawe anaijua, na vipuri vyake vinauzwa kwenye duka la karibu. Katika nchi yetu Boxer na TVS kutoka India, na Haojue kutoka China, huonekana mahali pengi. Pikipiki ya aina ngeni yaweza kupendeza macho, lakini siku waya wa klachi utakapokatika, utauagiza mjini na kungoja.

SOMA NAMBA KABLA YA KUSIKILIZA MANENO

Hapa ndipo elimu yako ya kusoma inapokulinda. Kila pikipiki iliyosajiliwa ina kadi inayotolewa na Mamlaka ya Mapato. Katika kadi utaona jina la mwenye pikipiki, namba ya usajili inayoanza na herufi MC, namba ya fremu na namba ya injini.

Namba ya fremu imepigwa juu ya chuma chenyewe, mara nyingi kwenye shingo, chini ya usukani. Geuza usukani, futa matope kwa kitambaa, kisha soma. Namba ya injini imepigwa kwenye mwili wa injini. Mtu mmoja asome kadi, na mwingine asome chuma, herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu. Ikitofautiana hata moja, usitoe fedha. Ukiona namba imekwanguliwa kwa tupa, ondoka.

Kisha soma jina. Ziko pikipiki za mkataba: mwenye mali humpa kijana wa bodaboda, naye hulipa kila juma mpaka deni liishe. Deni lisipokwisha, pikipiki si yake, naye hana ruhusa ya kuiuza. Kwa hiyo mtake yule ambaye jina lake limo katika kadi aje mwenyewe na kitambulisho chake. Andikeni mapatano mbele ya mashahidi. Bei iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Kila mtu atie sahihi, nawe ubaki na nakala. Baadaye nendeni Mamlaka ya Mapato mkabadilishe jina la mwenye pikipiki. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

KAGUA KWA MIKONO, MASIKIO NA MACHO

Nenda asubuhi, pamoja na fundi unayemwamini wewe, si fundi wa muuzaji. Mwambie muuzaji asiiwashe injini kabla hujafika. Ukifika, isogelee injini kwa mkono taratibu. Ikiwa ina joto, imekwisha washwa. Huenda ni vigumu kuiwasha ikiwa baridi, na muuzaji hakutaka uone. Ngoja ipoe.

Kwanza, simama nyuma ya pikipiki na kuitazama. Gurudumu la nyuma na la mbele yawe katika mstari mmoja. Yakipishana, yawezekana fremu imepinda kwa ajali.

Pili, tazama mnyororo na meno yanayouzungusha. Meno yaliyochongoka na kulala upande mmoja yamekwisha. Vuta mnyororo kwa nyuma, pale kwenye meno ya gurudumu. Ukiachana sana na meno, umelegea.

Tatu, isimamishe kwa stendi ya katikati na kutikisa kila gurudumu kushoto na kulia. Likicheza, beringi zimechakaa. Tazama shokapu za mbele: oili ikivuja, zahitaji matengenezo.

Nne, iwashe na kutazama moshi. Moshi wa buluu unaoendelea kutoka maana yake injini inaunguza oili, na matengenezo yake ni ya fedha nyingi. Moshi mweusi maana yake petroli inaingia kupita kiasi. Mvuke mweupe kidogo wakati wa baridi ya asubuhi, unaokwisha mara, si ubaya. Sikiliza pia: mlio wa kugonga ndani ya injini ni dalili mbaya.

Tano, fundi wako aijaribu njiani, gia zote na breki zote mbili. Usitegemee saa ya kilometa peke yake, kwa kuwa yaweza kurudishwa nyuma. Tazama mipira ya kukanyagia na kiti. Saa ikisema kilometa chache na mipira imelika kabisa, saa inadanganya.

HESABU YA LEO

Tuseme pikipiki ya kwanza inauzwa shilingi 1,000,000. Fundi anasema yahitaji matairi mawili, shilingi 110,000. Mnyororo na meno yake, shilingi 40,000. Na matengenezo ya injini, shilingi 250,000. Jumla ya matengenezo ni shilingi 400,000. Bei yake ya kweli ni shilingi 1,400,000.

Pikipiki ya pili inauzwa shilingi 1,250,000. Yahitaji breki tu, shilingi 15,000. Bei yake ya kweli ni shilingi 1,265,000. Ile iliyoonekana rahisi imezidi kwa shilingi 135,000. Bei hizi ni mfano wa darasani, lakini njia ya kuhesabu ni ile ile kwa bei za sokoni kwenu.

Wala usimalize fedha zote kwa muuzaji. Weka fungu la kubadilisha jina, la bima, la mafunzo na leseni, na la kofia ngumu. Mwaka 2008 wataalamu waliokusanya tafiti nyingi walionyesha kwamba kofia ngumu humpunguzia mwendeshaji anayepata ajali hatari ya kufa kwa sehemu 42 katika kila 100, na hatari ya kuumia kichwa kwa sehemu 69. Kama fedha hazitoshi kununua pikipiki na kofia pamoja, bado hujafika wakati wa kununua. Endelea kuweka akiba.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Namba ya fremu hupatikana wapi, nayo yalinganishwa na nini?
2. Kwa nini twataka injini iwe baridi tunapokwenda kuikagua?
3. Muuzaji asema, "Kadi iko kwa kaka yangu mjini, lipa leo, nitakuletea kesho." Utamjibu nini?
4. Pikipiki yauzwa shilingi 1,100,000, nayo yahitaji matengenezo ya shilingi 185,000. Bei yake ya kweli ni kiasi gani?

Jadilianeni maswali haya na mwalimu wenu, na majibu myaandike daftarini. Kama pikipiki yako iko nyumbani, kaisome namba yake jioni ya leo, uone kama yalingana na kadi. Kwaherini, ndugu wasikilizaji.