Fahamu: Meli ya kitalii, kubwa au ndogo?

Mkazi wa Nyayo Highrise, mtaa wa magorofa unaopakana na Kibera, amezoea kupima matatu ya abiria 14 dhidi ya basi kubwa, na hesabu hiyo ya nauli, nafasi na njia haiko mbali na ya anayechagua meli ya kitalii. Januari 2023 bandari ya Mombasa iliipokea Norwegian Dawn, meli yenye urefu wa mita 294 hivi na inayochukua abiria zaidi ya 2,000. Meli kubwa kama hiyo, kwa kuwa gharama hugawanywa kwa wengi, kwa kawaida hutoza nauli nafuu, lakini huhitaji gati refu, yaani ukuta wa bandari ambako meli hufungwa kamba, na maji ya kina kirefu kama ya Kilindini, bandari hiyo ya Mombasa. Meli ndogo, ingawa ni ghali na hutikiswa zaidi na mawimbi ya upepo wa kusi, husogea karibu na visiwa kama Lamu, ambako abiria hushushwa kwa mashua hadi kwenye ngazi za ufukoni, wakapishana na punda waliobeba mizigo katika vichochoro vyembamba. Uzuri wa vichochoro hivyo, kwa hakika, hauonekani kutoka ghorofa ya kumi ya meli.