Lindi hadi Nyangao na Kurudi, Siku Moja kwa Baiskeli

Wengi wenu mna baiskeli nyumbani. Imeegemezwa ukutani, keria yake imepinda kwa magunia ya mihogo na madumu ya maji, na hakuna aikumbukaye ila siku ile inapotoboka. Leo nataka muitoe nje, muifute vumbi, mwende nami safari ya kutwa: kutoka Lindi mjini, pwani, mpaka Nyangao bara, na kurudi Lindi kabla ya usiku kuingia. Kwenda ni kama kilomita 70, na kurudi ni hizo hizo. Vijana wa pikipiki watawacheka. Waacheni wacheke, petroli wanainunua wao.

Chagueni mwezi wa Julai. Mvua zimekwisha, jua si kali sana, na korosho bado hazijaanza kuokotwa, kwa hiyo kazi ya shamba yaweza kungoja siku moja. Jana yake kazeni spoku, tieni mafuta mnyororo, jaribuni breki zote mbili. Chukueni pampu, viraka, gundi na kipande cha mpira wa ndani uliochakaa. Msidharau kipande hicho. Mimi tairi langu lilipasuka ubavuni nilipokwisha kupita Mtama, na mzee mmoja aliyekuwa akilima kando ya barabara akanionyesha cha kufanya: akakata mpira wa zamani, akaukunja mara mbili, akautia ndani ya tairi penye ufa, akaniambia nijaze upepo kiasi tu. Nikaenda nao mpaka Nyangao na kurudi. Alipokataa fedha nilimwachia nusu ya mkate wangu.

Ondokeni saa kumi na moja na nusu alfajiri, na taa mbele. Barabara inatoka mjini na kufuata upande wa hori, pale mto Lukuledi unapoingia baharini. Mkono wa kushoto mtaona mikoko na maji, na ng'ambo yake Kitunda, waendako watu kwa pantoni. Tazameni bandari ya Lindi kabla ya kuipa kisogo. Kati ya mwaka 1909 na 1913 palipakiwa hapa mifupa iliyogeuka mawe, ya wanyama wakubwa mno wa zamani za kale, iliyofukuliwa katika kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi ya mji huu. Ilikuwa zaidi ya tani 200. Hapakuwa na gari wala reli. Watu wa nchi hii waliibeba vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kila safari, miaka yote hiyo. Mnyama mmoja alisimamishwa mjini Berlin mwaka 1937, na urefu wake kwenda juu wapita mita 13. Watu huenda kumtazama mpaka leo. Majina ya wengi wa wale waliombeba hatunayo.

Baada ya kilomita ishirini na kitu mtafika Mnazi Mmoja, katika kata ya Mingoyo. Hapa ndipo njia zinapoachana, moja yaenda Mtwara, nyingine Masasi. Kunyweni chai. Pana mihogo ya kukaanga na samaki, lakini msishibe sana. Hapa pia ndipo pa kuangalia roho zenu, kwa maana mabasi na malori hupita kwa kasi, na dereva wa lori hamwoni mtu wa baiskeli mpaka awe karibu naye kabisa. Shikeni ukingo wa kushoto. Mkisikia honi nyuma na gari jingine linatokea mbele, shukeni mwingie majanini bila kuona haya. Vaeni nguo nyeupe au ya rangi kali.

Jirani na hapo, penye hori, ni Mkwaya. Wazee wenu waliosikia habari za karanga watalijua jina hilo. Serikali ya Kiingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga mwaka 1947, na shamba lake moja lilikuwa Nachingwea. Reli ikajengwa kutoka Mkwaya kwenda huko, ikafunguliwa mwaka 1949, halafu ikapelekwa mpaka bandari mpya ya Mtwara. Mwaka 1951 mpango wenyewe ulikwisha kuachwa. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vikang'olewa. Basi kusini tukabaki na barabara na miguu yetu.

Kutoka Mnazi Mmoja mnaingia bonde la Lukuledi. Kushoto, kwa mbali, ni nyanda za juu za Wamakonde. Kulia ni Rondo. Njia hupanda na kushuka, nayo hupanda zaidi kuliko inavyoshuka, kwa kuwa mnaiacha bahari. Msikanyage kwa nguvu. Penye mlima mkali shukeni msukume. Baiskeli ya gia moja haina aibu. Upepo wa kusi utawapiga ubavu wa kushoto, kwa nyuma kidogo, nao utawasaidia. Kumbukeni tu kwamba jioni utalidai deni lake.

Baada ya Mtama nilimkuta kijana akiendesha polepole sana, na nyuma yake mwanamke mzima, mguu wake mmoja umefungwa kitambaa. Alikuwa akimpeleka mama yake hospitali ya Nyangao, ile ya misioni. Tuliongozana, nikaangalia jinsi alivyofanya, nami nawaeleza kwa kuwa yaweza kuwafaa. Juu ya keria alifunga gunia lililojazwa majani makavu, si kwa kamba moja bali mbili, mbele na nyuma. Alifunga vijiti viwili imara chini, mama apumzishe nyayo, zisiingie katika spoku. Kisha kanga ilizunguka viuno vya wote wawili, ili mama akisinzia asianguke.

"Umetoka naye saa ngapi?" nikamuuliza.

"Usiku, kaka. Mchana jua lingemmaliza."

Mama akasema nyuma yake, "Ananiambia nisilale, na yeye mwenyewe anapiga miayo."

Mlima wa mwisho tulishuka wote. Mimi nilishika baiskeli yao, naye akambeba mama mgongoni.

Nyangao mtapumzika. Wamisionari Wabenediktini walifungua misioni hapa kabla ya mwaka 1900; vita vya Majimaji viliiteketeza mwaka 1905, ikajengwa upya. Oktoba 1917 jeshi la Waingereza na la Wadachi walipigana siku nne hapa na Mahiwa jirani, na Waafrika wakafa kwa wingi pande zote mbili, katika ugomvi usio wao. Wengine hawakuwa na bunduki, walikuwa wapagazi tu. Leo pana watu wanaongoja zamu ya daktari, na akina mama wanaofua.

Sasa sikieni. Kama saa sita mchana hamjageuza baiskeli, msirudi. Ombeni mahali pa kulala. Kurudi kunachukua saa sita au zaidi, upepo sasa unawajia upande wa kulia na mbele, na miguu si ile ya asubuhi. Mwezi wa Julai jua la Lindi hutua kama saa kumi na mbili na robo, na barabara ile gizani si mahali pa baba wa watoto. Kunyweni maji kabla ya kiu, na tieni chumvi kidogo katika uji.

Mimi nilipogeuza, yule kijana alikuwa amelala chini ya mwembe nje ya hospitali, kanga ya mama yake imemfunika uso. Mama alikwisha pokewa ndani. Sikumwamsha. Baiskeli yake tairi la nyuma lilikuwa limelegea, nikalijaza upepo, nikaenda zangu.

Mkifika Mnazi Mmoja mtaanza kusikia harufu ya hori. Kilomita zile za mwisho ni ndefu kuliko zote, lakini njia ni nafuu. Mjini msiitupe baiskeli ukumbini mkaenda kulala. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula mnyororo. Ufuteni kwa kitambaa kikavu, mtie mafuta matone machache, ndipo muoge.