Uchachushaji wa Chakula cha Kuku wa Kienyeji Nyumbani: Suala la Pumba Mjini Kagongwa

Kagongwa, katika Manispaa ya Kahama mkoani Shinyanga, hufahamika kwa biashara ya mchele na mashine za kukoboa mpunga. Mabaki ya mashine hizo ni malighafi iliyo karibu na kila mfugaji mdogo wa kuku. Hata hivyo, neno pumba huficha tofauti kubwa. Hutumika kwa ganda la nje la mpunga, lililojaa silika na lisilo na lishe ya maana kwa kuku. Hutumika vilevile kwa unga laini unaokwanguliwa juu ya punje, wenye mafuta, protini na fosforasi. Mashine ndogo zinazokoboa kwa mkupuo mmoja huvichanganya vyote viwili. Kwa hiyo uchachushaji huanzia kwenye chekeche, wala si kwenye ndoo.

Sehemu kubwa ya fosforasi iliyomo katika pumba laini imefungwa ndani ya fitati, ambayo kuku hana vimeng'enya vya kutosha kuivunja. Pumba zinapolowekwa, vimeng'enya vya nafaka yenyewe na vya vijidudu huanza kuivunja kwa kiasi. Wakati huohuo, bakteria wa asidi laktiki hugeuza sukari kuwa asidi. Kipimo cha pH kikishuka hadi karibu na 4, bakteria wengi waharibifu hudhoofika. Utaratibu wenyewe si mgeni kwa anayejua kuandaa togwa: pumba na chenga hufunikwa kwa maji safi, huwekwa kivulini kwa siku 2 au 3, hukorogwa kila siku, na maji kidogo ya ndoo iliyotangulia hutiwa kama chachu. Ndoo iwe ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Katika ukanda wa dhahabu tahadhari hii ina uzito wa pekee, kwani chombo kilichowahi kubeba zebaki au kemikali nyingine za uchenjuaji hakifai kabisa kuhifadhi kitu chenye asidi.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba uchachu husafisha pumba zilizoota ukungu. Sumukuvu, iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, haiondolewi kwa uhakika na uchachushaji wa nyumbani. Hudhuru ini la kuku, na masalia yake yanaweza kuingia katika mayai yanayoliwa na familia. Tena harufu ya uchachu huweza kuficha harufu ya ukungu iliyokuwa ikimwonya mfugaji. Ukaguzi, basi, hufanywa pumba zikiwa kavu. Zilizogandamana, zenye madoa ya kijani au harufu ya uvundo hutupwa mahali ambapo kuku hawafiki. Hata pumba nzima huanza kuchacha mafuta yake muda mfupi baada ya kukobolewa, hivyo kununua kidogo kidogo mashineni ni bora kuliko kulaza gunia kwa miezi. Dagaa au mashudu ya alizeti bado huhitajika, kwa kuwa uchachu hauzibi pengo la protini.