Kutoa Sakafu ya Zamani
Sisi wa Mzumbe, chini ya milima ya Uluguru, tukitaka kutia saruji nyumbani, tusiifunike sakafu ya udongo yenye nyufa. Papasi hujificha humo mchana. Usiku hutoka kunyonya damu, naye aweza kutuambukiza homa ipoayo kisha ikarudi. Hukaa miaka bila kula. Mwaka 1905 Robert Koch, aliyemchunguza katika nchi hii, aliona kwamba ugonjwa hupita hata katika mayai yake. Basi tutoe vyombo, tuanike mikeka juani, tunyunyize maji kuzuia vumbi, tuchimbe udongo wote uliopasuka, tuutupe mbali. Kisha tushindilie udongo mpya, tuzibe nyufa za kuta, ndipo tutie saruji.